Magofu ya ngome za juu ya mwamba (Fleckenstein na Drachenfels): mashimo yote yale yalikuwa ya kazi gani?

Mtembezi_Rau (Moshi)

Habari zenu wakuu. Mwezi wa tano nitakuwa mpakani mwa Ufaransa na Ujerumani, na nimepata siku mbili za kuzunguka magofu ya ngome za zama za kati. Nimechagua mbili: Fleckenstein, iliyo Lembach kule Alsace, na Drachenfels ya Busenberg upande wa Ujerumani (sio ile Drachenfels ya kando ya mto Rhine, majina yanafanana tu).

Picha nimeziangalia mpaka macho yameuma. Mwamba mzima umetobolewa: mashimo ya mraba yamepangwa mstari, matundu madogo katikati ya mawe, mifereji iliyokatwa mshazari, ngazi zinazoishia hewani. Maelezo ninayokutana nayo yanataja mabwana na miaka yao, basi. Nataka kusimama pale chini niangalie ukuta nijue hapa palikuwa jiko, hapa mlango, hapa paa. Maji je, waliyapata wapi juu kule? Na kwa nini palihamwa? Wenye ujuzi naombeni darasa.

Ticha_Sakina (Arusha)

Karibu Mtembezi. Historia nitaipitia haraka, maana swali lako liko kwenye mashimo na wapo mafundi humu watakaolijibu kuliko mimi.

Eneo lile, yaani Vosges ya kaskazini upande wa Ufaransa na Pfalz upande wa Ujerumani, ni nchi moja ya mwamba wa mchanga mwekundu. Maji na upepo vimeula udongo wa pembeni, ikabaki miamba mirefu myembamba imesimama juu ya vilima kama mikate iliyowekwa kwa ubavu. Karne ya 12 na 13, wakati wa wafalme wa ukoo wa Staufen, karibu kila mwamba wa namna hiyo ulipata mwenyewe. Pale Altdahn zipo ngome tatu kwenye mgongo mmoja, zimebanana kama maduka ya Kiusa pale Moshi.

Fleckenstein: ukoo wenye jina hilo unatajwa tangu karne ya 12. Mwaka 1276 mfalme Rudolf wa Habsburg aliizingira ngome kwa sababu bwana wake alikuwa amemfunga askofu wa Speyer humo ndani. Mwaka 1674 ilichukuliwa na jeshi la Louis XIV bila mapigano makubwa, na mwaka 1680 Wafaransa hao hao wakaibomoa ili isije ikamfaa adui. Ukoo wenyewe ulikatika mwaka 1720.

Drachenfels inatajwa mwaka 1209. Mwisho wake ulikuja ghafla. Mmoja wa wabia wa ngome ile alikuwa Franz von Sickingen, aliyeanzisha vita dhidi ya askofu mkuu wa Trier akashindwa. Alikufa kwa majeraha tarehe 7 Mei 1523 ndani ya ngome yake ya Nanstein, na siku tatu baadaye Drachenfels ikachomwa moto. Haikujengwa tena.

Shika tofauti hiyo ukienda. Drachenfels ilikufa mwaka 1523, kwa hiyo unachokiona ni cha zama za kati bila viraka vingi. Fleckenstein iliishi miaka 150 zaidi, ikaongezewa na kurekebishwa kwa ajili ya mizinga. Ukiweza anza na Drachenfels, hata kama Fleckenstein ndiyo yenye sifa.

Mwashi_Kibosho

Mkuu Mtembezi, ondoa kwanza picha ya magofu ya Engaruka kichwani. Engaruka watu walipanga jiwe juu ya jiwe. Huku kazi kubwa ilikuwa kupunguza: mwamba ndio msingi, ndio ukuta wa nyuma, ndio stoo. Nyumba zenyewe za mbao na mawe zilibandikwa ubavuni na juu yake. Mbao ziliungua au zikaoza. Mawe yaliyochongwa wanakijiji wa chini waliyateremsha kujengea kwao. Kilichobaki ni pale nyumba ilipokuwa imeshikilia mwamba, yaani mashimo. Ni kama ukutani ulipokuwa umetundika kabati: kabati limeondoka, matundu ya misumari yapo, na fundi mzoefu atakuambia kabati lilikuwa la ukubwa gani.

Shimo moja peke yake halisemi kitu. Angalia umbo lake, ukubwa wake na jirani zake.

Mashimo ya mraba yenye upana wa kama sentimita 20 hadi 30, yote usawa mmoja: hapo zililala boriti za sakafu. Juu ya mstari ni chumba, chini yake ni chumba kingine. Pima kutoka mstari mmoja hadi wa juu yake, umepata kimo cha ghorofa. Ukiona shimo lina mfereji mfupi wa mshazari unaoingia ndani yake kutoka pembeni au juu, usidhani ni wa maji. Boriti inayoshikwa na mwamba ncha zote mbili haiingii moja kwa moja. Unasukuma ncha ya kwanza ndani, halafu ya pili unaitelezesha kwenye ule mfereji mpaka ikae. Aliyewahi kubadilisha boriti katikati ya kuta mbili anaujua mchezo huo.

Mashimo madogo, sentimita 10 hadi 15, kwenye ukuta uliojengwa kwa mawe na sio kwenye mwamba, yamepangwa safu kwa safu: hayo ni ya mirunda ya jukwaa la mafundi. Walipomaliza walichomoa mti au wakaukata, tundu likabaki. Hapakuwa na roshani hapo, hata kama kibao kitakuambia hivyo.

Mstari uliokatwa kwa mshazari, unapanda, unafika kilele, unashuka: paa. Hapa penyewe ndipo pananifurahisha. Walichonga kijifereji juu kidogo ya pale paa lilipogusa mwamba, ili maji yanayotiririka usoni pa jiwe yadakwe yakatupwe pembeni kabla hayajaingia kwenye kiungo. Sisi leo tunakunja bati, tunapaka lami, na bado panavuja. Simama mbali, fuata mstari huo kwa kidole, nyumba nzima itajichora mbele yako: mwinuko wa paa, upana, na chini yake mistari ya boriti za ghorofa.

Ngazi inayoishia hewani ilikutana na daraja la mbao au ngazi ya kuondoa. Tafuta mashimo mawili yanayolingana ng'ambo ya pengo, ndiyo yalibeba daraja. Hii ilikuwa makusudi: adui akifika hapo, unavuta mbao ndani na yeye anabaki na shimo la mita kadhaa.

Na kuna mashimo ambayo hakuna mtu aliyeyachonga. Ukiona vijishimo vingi vya mviringo visivyo na mpangilio, vimebanana kama sega la nyuki, hiyo ni chumvi na unyevu vinakula mwamba wa mchanga. Wageni wengi huviita alama za risasi.

Kijana_Majengo

Hapo kwa risasi nakubishia kidogo mwashi. Kuna picha za kuta ambapo kila jiwe kubwa lina kitundu kimoja katikati, kama limepigwa shabaha. Zote zile chumvi? Mbona ziko kati kwa kati?

Mwashi_Kibosho

Umeona vizuri ila umehukumu vibaya. Kile ni kitundu cha koleo la kuinulia. Jiwe la kilo 200 au 300 huwezi kulifunga kamba, kwa sababu kamba itabanwa chini yake ukishaliweka na hutaitoa tena. Kwa hiyo unachonga kitundu kidogo usoni na kingine mgongoni, juu kidogo ya katikati ili jiwe lisipinduke likiwa hewani. Koleo la chuma lenye mikono miwili mfano wa mkasi linaingiza meno yake humo, mnyororo unavuta juu, na kadiri jiwe linavyokuwa zito ndivyo meno yanavyozidi kubana. Likishakaa kwenye chokaa unalegeza mnyororo, koleo linaachia lenyewe. Kitundu cha mgongoni kimefichwa ndani ya ukuta, unachokiona ni cha usoni.

Faida yake kwako, Mtembezi: ufundi huu ulienea kule mnamo mwanzo wa karne ya 13. Jiwe lenye kitundu hicho kwa kawaida sio la kabla ya hapo. Angalia pia uso wa jiwe. Kama limeachwa na kinundu katikati na ukanda laini pembeni, hiyo ni fasheni ya enzi za Staufen, karne ya 12 na 13. Ila tahadhari: mawe yalitumika tena. Kitundu kinakupa umri wa jiwe, hakikupi umri wa ukuta. Ukikuta mawe yenye vinundu yamechanganywa na mawe laini, viungo havilingani, na kitundu kimoja kiko pembeni kabisa mwa jiwe, jua ukuta huo umejengwa kwa mabaki ya mwingine.

Za risasi na mizinga zipo, ila zitafute kwenye mianya ya kurushia. Mwanya mrefu mwembamba uliosimama ni wa upinde. Tundu la duara, au mwanya mfupi uliolala, ni wa bunduki, na huo ni wa karne ya 15 kuja mbele.

Fundi_Mabomba_Njiro (Arusha)

Nadandia suala la maji, kwa sababu ngome haishindwi kwa ukuta kuanguka tu, inashindwa pia kwa kiu.

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ni kuchimba kisima mpaka ufike maji. Berwartstein, ambayo haiko mbali na hizo zako mbili, ina kisima cha zaidi ya mita 100 kilichochongwa ndani ya mwamba. Trifels, pale alipofungwa mfalme wa Uingereza, Richard Moyo wa Simba, mwaka 1193, kisima chake ni cha karibu mita 80 na kina mnara wake peke yake. Hiyo ni kazi ya miaka na ya mwenye fedha. Njia ya pili ni kubeba: chemchemi chini ya kilima, punda, na madumu ya mbao. Ya tatu, iliyo ya wengi, ni kuvuna mvua.

Piga hesabu mwenyewe. Paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 700 kwa mwaka, ukitoa robo inayopotea kwa kuruka na kukauka, unabaki na lita 52,500. Watu 12 wakitumia lita 10 kila mmoja kwa siku wanakula lita 43,800 kwa mwaka. Inatosha. Sasa waongeze farasi wanne, kila mmoja lita 30 kwa siku: lita 43,800 nyingine. Hapo tayari umefilisika, ndiyo maana wanyama waliwekwa chini ya mwamba na sio juu.

Tangi lenyewe lilikuwa la aina mbili. Moja ni shimo tupu lililopigwa lipu ya chokaa, sawa na tangi la maji ya mvua la shuleni kwetu. La pili ni la kuchujia, na hili ndilo watu hawalielewi wakiliona. Unachonga shimo kubwa kwenye mwamba. Unalikandika udongo wa mfinyanzi chini na pembeni, mnene, ili lisivuje. Katikati unasimamisha bomba la mawe yaliyopangwa bila chokaa, upana kama mita moja. Nafasi yote kati ya bomba na mfinyanzi unaijaza mchanga na kokoto. Maji ya paa yanaingia pembeni, yanapenya mchanga, yanajipenyeza kati ya mawe na kuingia kwenye bomba yakiwa masafi. Unachota hapo kwa ndoo.

Ubaya wake ni kwamba mchanga umekula nafasi. Shimo la mita 4 kwa 4, kina mita 6, ni mita za ujazo 96. Likishajazwa mchanga, maji yanapata nafasi ya theluthi moja hivi, yaani kama lita 30,000. Na mfinyanzi ukikauka kiangazi tangi likiwa tupu, unapasuka, na mvua inayofuata inapotelea kwenye nyufa za mwamba. Kuutengeneza ni kutoa mchanga wote. Kwa hiyo ukiona shimo kubwa la mraba halina lipu, chini kuna mabaki ya udongo wa rangi tofauti, usiamini kibao kinachosema gereza. Angalia juu yake kama kuna mifereji inayoelekea hapo.

Fleckenstein ilikuwa na mitambo ya kudaka mvua na kupandisha mizigo. Kifaa cha kawaida cha zama hizo kilikuwa gurudumu la kutembelea ndani. Chukua gurudumu la kipenyo cha mita 4 na mhimili wa sentimita 40: uwiano ni kumi kwa moja. Mtu wa kilo 70 kwa nadharia ananyanyua kilo 700, ila msuguano unamnyang'anya sehemu kubwa. Na hakuna cha bure: kupandisha mzigo mita 30 atatembea mita 300 humo ndani. Hatari iko kwenye kushusha. Mzigo ukimzidi, gurudumu linageuka kwa kasi na yeye anarushwa ndani yake kama nguo kwenye mashine. Tafuta mkwaruzo wa kamba kwenye kingo za jiwe, kijifereji laini cha mviringo. Hicho hakichongwi, kinaliwa na kamba miaka kwa miaka.

Dada_Tafsiri (Moshi)

Shikamooni wakubwa. Nami niongeze ya kumsaidia akiwa pale.

Nenda saa mbili asubuhi au jioni jua likiwa limelala. Mwanga wa mshazari ndio unaochomoza mistari ya paa na alama za sururu. Saa sita mchana mwamba ule mwekundu unakuwa bapa kama karatasi, hutaona lolote. Beba tochi kwa vyumba vya ndani, futi ya mita 5, na viatu vyenye meno. Mwamba wa mchanga ukiwa mkavu unashika vizuri, ukiloa na ukiwa na ukungu wa kijani ni sabuni.

Mwezi wa tano utakuwa msimu wa kipanga wanaotaga kwenye miamba ile. Baadhi ya miamba hufungwa kwa wapandaji mpaka vifaranga waruke, kwa kawaida hadi mwisho wa Juni. Ukikuta kibao usikipite, hata kama huoni ndege.

Drachenfels iko wazi, unaingia tu. Fleckenstein ina kiingilio na saa zake, hakikisha kabla ya kuondoka. Mpaka hauna kizuizi, unavuka msituni bila kujua, lakini tembea na pasi yako. Viza moja ya Schengen inafaa pande zote mbili.

Vibao vya Kijerumani vitakusumbua kidogo. Zisterne ni tangi la mvua, Brunnen ni kisima. Watafsiri wengi huvichanganya na kuandika kisima kwa vyote viwili, na kumbe hapo ndipo utajiri wa mwenye ngome ulipoonekana. Palas ni nyumba ya kuishi bwana, sio ikulu. Halsgraben ni handaki lililokatwa kutenganisha mwamba na kilima kilichobaki.

Mtembezi_Rau (Moshi)

Aisee, asanteni sana. Marahaba dada. Nimerudi kwenye picha zangu na sasa naona nyumba kabisa. Ila moja imenishinda. Ni mlango uliochongwa kwenye mwamba. Ndani, upande wa kushoto, kuna shimo la mraba lenye kina kirefu, mtu anaingiza mkono mpaka begani. Upande wa kulia usawa huo huo kuna shimo la upana ule ule lakini kina chake ni kiganja tu. Boriti hapa haikai, sakafu haiwezi kuwa usawa wa kifua. Na pili: sehemu nyingine ukuta umetengenezwa upya, lakini mawe ya kando yake yanabanduka ngozi kuliko yale yasiyoguswa. Kwa nini?

Mwashi_Kibosho

La kwanza ni komeo. Gogo zima lilikaa ndani ya shimo refu la kushoto. Usiku unalivuta, linapita nyuma ya mlango, ncha yake inaingia kwenye kile kishimo kifupi cha kulia. Asubuhi unalisukuma lirudi ukutani. Halipotei, haliibiwi, na halihitaji mtu wa kulibeba. Linakuambia pia mambo mawili: upana wa mlango lazima uwe mdogo kuliko kina cha lile shimo refu (upime uone), na upande ulio na mashimo ndio ndani. Ukikuta komeo liko upande unaodhani ni wa nje, basi umeisoma ngome kinyumenyume.

La pili ni saruji. Mwamba ule una vinyweleo, unakunywa maji na kuyatoa. Chokaa nayo inapumua, tena ni laini kuliko jiwe, kwa hiyo unyevu unatokea kwenye viungo na kinachooza ni kiungo, ambacho unakijaza tena. Ukiziba viungo kwa saruji, maji hayana pa kutokea isipokuwa usoni pa jiwe. Yanatoka na chumvi, chumvi inaganda chini ya ngozi ya jiwe na kuvimba, maji yakiganda kwa baridi nayo yanasukuma, ngozi inabanduka kipande kipande. Baada ya miaka unakuta kiungo cha saruji kimechomoza kama mbavu na jiwe limerudi ndani. Vyuma vya kushikizia navyo ni hivyo hivyo: vikipata kutu vinanenepa, vinapasua jiwe.

Ukifika pale weka kiganja kwenye kiungo. Kijivu kigumu chenye ukingo mkali ni saruji. Cheupe au cha manjano, kinachoacha unga kidoleni ukikisugua kidogo, ni chokaa. Usikichokonoe lakini.

Kijana_Majengo

Mwashi, na kama shimo refu liko kulia na fupi kushoto?

Mwashi_Kibosho

Hakuna shida, ni komeo lile lile: gogo lilikaa kulia na kuvutwa kwenda kushoto.